Wito Haulipi Kodi

Najua, nimepotea. Wiki tatu bila hata mstari mmoja. Mitihani ya katikati ya muhula ilinibana, halafu laptopu yangu ikafa kifo cha ghafla (Mungu ailaze pema). Hii ninayotumia ni ya mwenzangu wa chumbani, na amenipa mpaka saa tano za usiku, kwa hiyo leo sina salamu ndefu. Nimekuja na hasira, na nataka kuitoa kabla ya saa tano.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumanne alasiri kulikuwa na mkutano wa ushauri wa kazi pale ukumbini. Mimi ni wa ualimu, hayo mambo ya sheria hayanihusu, lakini rafiki yangu wa kitivo cha sheria aliniambia kutakuwa na soda na sambusa. Mnanijua. Nikaenda.

Mgeni rasmi alikuwa wakili mkubwa. Simtaji jina, na hata mkiniuliza pembeni sitawaambia. Alizungumza vizuri, tukacheka, mpaka msichana mmoja wa mwaka wa nne aliposimama na kuuliza swali la adabu kabisa: kwa nini wakili mwanagenzi anafanya kazi miezi sita katika ofisi na mara nyingi hapewi hata nauli?

Mzee akatabasamu. Akasema vijana wa siku hizi tunataka mshahara kabla ya kazi. Akasema uwakili ni wito. Halafu akasema kitu kilichonifanya niiweke sambusa chini: ati wakati wa korona mawakili walijitolea kwa jamii bila kuuliza pesa, na huo ndio moyo tunaotakiwa kuiga.

Ukumbi ukapiga makofi. Yule msichana akakaa.

Sasa wadau, mimi sikupiga makofi. Sababu ni kwamba mimi nawajua waliojitolea. Angalau mmoja namjua kwa sura, kwa sauti, na kwa viatu alivyovaa. Na najua ilimgharimu nini.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2020 nilikuwa kidato cha pili, nyumbani Likoni. Tarehe 13 Machi serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku mbili baadaye shule zikafungwa. Tarehe 16 mahakama zikapunguza kazi nchi nzima, kesi nyingi zikaahirishwa. Tarehe 27, Ijumaa, kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri.

Waliokuwa Mombasa siku ile hawahitaji kukumbushwa. Watu walikuwa kwenye foleni ya feri wakitaka kurudi nyumbani, kafyu yenyewe haijaanza, wakapigwa marungu na kurushiwa mabomu ya machozi. Ati wazuie ugonjwa wa kupumua kwa kuwatia watu moshi machoni na kuwalaza kifudifudi kwa kubanana! Usiku huohuo mwendesha bodaboda mmoja wa Likoni, aliyekuwa amempeleka mama mjamzito hospitali, alipigwa, na baadaye akafa. Siku chache baadaye, Nairobi, mtoto wa miaka 13, Yassin Moyo, akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao. Kufikia Juni 2020 ile mamlaka huru ya kuwaangalia polisi, IPOA, ilikuwa imepokea malalamiko ya vifo 15 vilivyohusishwa na utekelezaji wa kafyu. Kumi na tano, ndani ya miezi mitatu.

Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo. Sasa niambieni, siku kama hizo mtu wa Likoni anahitaji nini? Barakoa, ndiyo. Sabuni, ndiyo. Lakini pia anahitaji mtu wa kusimama mlangoni mwa kituo cha polisi na kusema: huyu ana haki.

Kaka yangu mkubwa alikuwa hamali mjini. Jioni moja mwezi wa Aprili alichelewa kwa dakika ishirini. DAKIKA ISHIRINI. Akakamatwa hatua chache kutoka kwetu, akapelekwa kituo kimoja ambacho nacho sikitaji. Mama alipopiga simu akaambiwa alete "chochote" asubuhi. Chochote hicho kilikuwa elfu mbili. Mama anauza viazi karai na bajia, na wateja wake walikuwa wanafunzi. Shule zimefungwa, wanafunzi hakuna, elfu mbili atoe wapi?

Akaenda kugonga kwa jirani. Binti wa pale alikuwa ameapishwa kuwa wakili mwaka mmoja tu nyuma. Sisi watoto tulimwita Dada Wakili, na nitamwita hivyo hapa.

Saa kumi na mbili asubuhi Dada Wakili alikuwa kituoni na mama. Barakoa ya kitenge, kandambili miguuni, faili mkononi. Mimi nilikuwa nje ya lango, na kupitia dirishani niliyasikia yote. Hakupiga kelele. Alisema Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu, haki ya kuzungumza na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Akasema dhamana ya polisi haiuzwi. Akauliza jina la afisa wa zamu, akaliandika, taratibu, herufi moja moja. Saa mbili hazijagonga, kaka yuko nje. Mama alimpa sinia ya bajia. Hakukuwa na malipo mengine.

Baada ya siku hiyo mtaa mzima ulikuwa na namba yake. Aliitwa kwa ajili ya vijana wa kafyu. Aliitwa kwa ajili ya wapangaji waliotolewa mlango na mwenye nyumba. Na aliitwa kwa ajili ya wanawake na watoto waliofungiwa ndani na mtu anayewaumiza, maana hilo nalo lilipanda. Mwanzoni mwa Aprili Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki lenyewe lilitoa taarifa kwamba makosa ya kingono yameongezeka. Yeye alikuwa anayasikia hayo kwa simu, usiku, kutoka kwa watu anaowajua tangu utotoni.

Mpaka hapa hadithi ni tamu, sivyo? Hii ndiyo sehemu ambayo mgeni wetu rasmi angeipenda. Ngojeni sehemu ya pili.

Ofisi aliyokuwa akifanya kazi Dada Wakili iliwatuma vijana wote nyumbani mwishoni mwa Machi. Mshahara ukasimama. Kazi haikusimama! Simu ziliendelea: andika hati hii, rekebisha ile, itume kwa barua pepe kabla ya saa nne. Bandali za intaneti alinunua mwenyewe. Kesi zilipohamia kwenye video, alikuwa akija kukaa barazani kwetu kwa sababu mtandao ulishika vizuri pale. Juu kavaa shati jeupe na koti, chini kajifunga leso. Tulikuwa tukicheka. Yeye pia alicheka, mwanzoni.

Alikuwa amepanga chumba mjini, akakiachia na kurudi kwa mama yake. Akauza friji. Mwezi wa Agosti nilimkuta pale barazani, faili magotini, analia bila sauti. Nikamuuliza, Dada, kuna nini? Akasema si kitu, ni usingizi tu, hajalala vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaamini kwamba ni usingizi.

Mwishoni mwa 2021 aliacha uwakili. Siku hizi anashughulikia makaratasi ya kutoa makontena bandarini. Nilipompigia juzi baada ya ule mkutano kumwomba ruhusa ya kuandika haya, aliniambia niandike, nisitaje jina tu. Nikamuuliza kama anajuta. Akasema: "Sijuti kuwasaidia. Ila sasa nalala." Basi. Hayo tu.

Kwa hiyo mzee anaposimama ukumbini na kusema "mawakili walijitolea", mimi nauliza: mawakili GANI? Waliokuwa na nyumba, na magari, na akiba, wengi wao walikuwa wamejifungia kama sote. Aliyekuwa kituoni saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mwenye kandambili. Leo wakubwa wanachukua sifa ya kazi ile, halafu wanaitumia hiyohiyo sifa kumnyima kijana mwingine nauli. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa mmoja kachuma juani, na mwingine ndiye anayelia kivulini. Huo ni wizi wa heshima, na mimi sitaki kuupaka sukari.

Na tusisahau jambo hili, maana wengi hawalijui. Kafyu ilipoanza, mawakili hawakuwa kwenye orodha ya watoa huduma muhimu. Yaani polisi wanaweza kukamata watu saa mbili usiku, lakini wakili akitoka kuwafuata, naye ni mhalifu! Chama cha Mawakili, LSK, kikaenda mahakamani. Tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir akaamua kwamba kafyu ni halali, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi zilivunja Katiba. Na akaamuru wanachama wa LSK pamoja na IPOA waingizwe kwenye orodha ya wasiozuiwa na kafyu. Mgala muue na haki mpe: pale chama kilifanya kazi, na nakisifu.

Lakini fikirieni maana yake. Mahakama imesema wakili ni kama daktari na mwuguzi, hawezi kukosekana wakati wa hatari. Sawa kabisa. Kama ni huduma muhimu, mbona anayeitoa tumuache ajilishe kwa bajia? Mtu ukimwita muhimu siku ya janga, halafu siku ya mshahara ukamwita mwanafunzi, wewe hujui unataka nini. Au unajua vizuri sana.

Haya, sasa nizijibu hoja, maana najua makomredi wa sheria mtanijia juu.

Ya kwanza ni ya mwenzangu wa chumbani (mwenye laptopu, kwa hiyo namjibu kwa heshima): "Mawakili ni matajiri, waache wajitolee." Ndugu yangu, unaowaona kwenye televisheni ni wachache. Kijana wa sheria anamaliza digrii miaka minne, anaenda Chuo cha Sheria cha Kenya ambako karo inakaribia laki mbili, anafanya unagenzi miezi sita, na wengi hawalipwi senti. Huyo hajitolei kutoka kwenye ziada. Anajitolea kutoka kwenye sahani yake.

Ya pili: "Sisi pia tulipitia hayohayo." Hii ndiyo hoja ninayoichukia kuliko zote. Aliyechapwa viboko shuleni akiwa mwalimu naye achape? Tunafundishwa huku kwetu ualimu kwamba hapana. Kuumizwa kwako si mtaala.

Ya tatu ni ya haki, na nitaijibu kwa haki: "Ofisi zenyewe zilikuwa hazina pesa." Kweli. Mahakama zilipopunguza kazi, ofisi ndogo ziliumia sana, na kuna mawakili wenye umri mkubwa waliofunga milango. Sina ugomvi nao. Lakini kama huna cha kulipa, sema huna, na umwachie kijana muda wake akatafute riziki kwingine. Usimzuie nyumbani bila mshahara na bado umtumie hati saa tatu usiku. Mlipokuwa na pesa hamkugawana nao, mlipokosa mkagawana nao ukosefu tu.

Ya nne ndiyo ile ya mgeni rasmi: "Ni wito." Hapa ndipo mimi mwalimu mtarajiwa nimeguswa, na ndipo nyote mnaosoma haya mnaguswa, hata kama hamjawahi kufungua kitabu cha sheria.

Neno wito nalijua. Nimelisikia tangu siku ya kwanza niliyoingia kitivo cha elimu. Tukienda mazoezi ya kufundisha tunajilipia chumba, tunajilipia chakula, tunashika vipindi vya mwalimu aliye likizoni, na tunaambiwa ni wito. Walimu wa mafunzo kazini wa sekondari ya chini walikuwa wakipata shilingi 17,000 kwa mwezi kwa kazi ya mwalimu mzima. Mwaka 2024 waligoma, wakaambiwa wawafikirie watoto. Mwaka huohuo madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu kubwa ilikuwa malipo ya madaktari wanaoanza. Nao wakaambiwa wamfikirie mgonjwa. Mwanagenzi wa sheria akiuliza nauli anaambiwa amfikirie mahabusu.

Mnaona? Ni kamba ileile. Wanachukua kitu kizuri ulicho nacho moyoni, ule upendo wako kwa mtoto, kwa mgonjwa, kwa mtu wa mtaani kwenu, na wanakufunga nacho mikono. Na anayekufunga, yeye analipwa.

Mimi naamini katika wito. Wallahi naamini. Ningetaka pesa za haraka nisingesomea Kiswahili na historia. Lakini wito haulipi kodi ya nyumba. Mwenye nyumba wetu hapa nje ya kampasi hajawahi kukubali wito, nimejaribu, hahaha.

Na si njaa ya tumbo peke yake. Chama cha Kimataifa cha Mawakili, IBA, kilitoa utafiti wa dunia nzima mwaka 2021 kuhusu afya ya akili ya wanasheria, na vijana walikuwa miongoni mwa walioonekana kuwa na hali mbaya zaidi. Sikushangaa. Mtu anasikiliza mateso ya watu usiku kucha, hana mshahara, hana wa kumweleza, na asubuhi anatakiwa avae koti aonekane mtu mwenye majibu. Wakili anafundishwa kumsemea mwenzake. Nani anamfundisha kujisemea mwenyewe? Dada Wakili alisema "ni usingizi tu", na sisi sote tulimwacha na usingizi wake. Hata mimi. Hata mama, aliyempa bajia. Hilo linaniuma kuliko maneno ya yule mzee.

Sasa nisimalize kwa kulia tu. Nataka nini?

Nataka mwanagenzi alipwe, hata kama ni kidogo, na ofisi isiyoweza kulipa kitu isipewe wanagenzi. Nataka kazi ya bure kwa jamii igawanywe kwa wote: kama kijana anaenda kituoni usiku, mwenye ofisi naye awe na zamu yake usiku. Tuone ni wangapi wataendelea kusema wito. Nataka serikali iipe pesa za kutosha ile Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, ili mama wa viazi karai asitegemee bahati ya kuwa na jirani wakili. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa apewe wakili na serikali pale ambapo bila hivyo haki itapotea. Kimeandikwa, hatuombi hisani. Na nataka kila ofisi iwe na mtu ambaye kazi yake ni kumuuliza kijana swali moja: umelala?

Mkidhani haya ni ya korona na korona imepita, kumbukeni Juni 2024. Vijana walipokamatwa kwa maandamano ya Mswada wa Fedha, nani walizunguka vituoni usiku wakitafuta majina? Mawakili, bila malipo, na wengi wao vijana kama sisi. Tuliwashangilia mitandaoni. Je, kuna aliyeuliza walirudi nyumbani na nini? Janga lingine litakuja, la ugonjwa au la marungu. Siku hiyo tutampigia simu Dada Wakili mwingine. Swali langu ni kama atakuwa bado yupo kazini, au atakuwa bandarini akihesabu makontena.

Na wewe msichana wa mwaka wa nne uliyeuliza lile swali, sijui kama unasoma hapa. Uliketi ukionekana kama umekosea. Hukukosea. Uliuliza swali la maana kuliko yote mchana ule, na makofi yalienda kwa mtu mwingine. Mimi nakupigia yako hapa, peke yangu, chumbani, saa tano kasoro kumi.

Semeni maoni yenu hapo chini, hata matusi nitasoma, ila yawe ya Kiswahili sanifu maana nitasahihisha. Mwenye laptopu ameshaanza kukohoa kwa nguvu, na si korona, anadai mali yake. Tukutane wiki ijayo inshallah.